Bangi: Utajuaje Kwamba Imeshakushika?



Ukitaja neno "teja" mbele ya vijana wengi, picha inayowajia ni moja tu: mtu wa unga, amekonda, anasinzia huku amesimama pembeni ya barabara. Na kwa kuwa anayevuta bangi hafanani na picha hiyo, anajiona yuko salama. Ana kazi, au yuko chuo, na Jumapili yumo kwenye kwaya anaimba besi vizuri tu. Anavuta "kidogo", usiku, ili alale. Ukimwambia huenda ana uraibu, ni kama umemtukana.

Somo la leo ni la kijana huyo, na la wale wanaomzunguka. Hatutaulizana nani anavuta na nani havuti. Tunatafuta jibu la swali moja: mtu anajuaje kwamba havuti tena kwa kupenda, bali anavutwa?

MANENO YA KIJIWENI

Kuna maneno yanayozunguka vijiweni kila siku mpaka yamekuwa kama mafundisho. Tuyapitie.

La kwanza: "Bangi haina arosto." Eti unga una arosto, pombe ina arosto, lakini jani ukitaka kuacha unaacha tu. Ni kweli kwamba anayeacha bangi hapati mateso kama ya anayeacha heroini. Lakini arosto ipo. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza rasmi kwenye toleo la tano la mwongozo wake, mwongozo ambao madaktari wa nchi nyingi huutumia. Dalili zake ni hasira za karibu, wasiwasi, kukosa usingizi, ndoto kali za ajabu, chakula kutopita, kutotulia, na moyo kuwa mzito. Wengine hutoka jasho, huumwa kichwa au tumbo. Kwa kawaida huanza siku moja hadi tatu baada ya msokoto wa mwisho, huwa kali zaidi ndani ya wiki ya kwanza, kisha kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Usingizi ndio hukawia zaidi kurudi.

Sasa angalia mtego wenyewe. Kijana anaamua kuacha Jumatatu. Jumatano usiku anageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Alhamisi anagombana na mama yake kwa sababu ya sahani. Ijumaa anasema, "Ngoja nivute kidogo nitulie." Anavuta, analala kama mtoto, na asubuhi ana ushahidi mkononi: "Mnaona? Mimi bila jani silali. Hili kwangu ni dawa." Haoni kwamba usingizi uliokatika siku zile mbili tatu ulikatwa na jani lenyewe. Limemchoma, halafu limempaka mafuta, naye analishukuru kwa mafuta. Wengi wamebaki miaka kwa sababu ya hesabu hii moja iliyokosewa.

La pili: "Ni mmea, Mungu ndiye kauumba." Hapo watu hufungua kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, pale Mungu anapompa mwanadamu mimea yote itoayo mbegu. Sawa. Na mnyonyo nao kaumba nani? Una mbegu nyingi tu, na mbegu zake zina sumu inayoua. Zabibu pia ni za Mungu, tena divai yake ndiyo inayowekwa altareni, na bado Kanisa halijawahi kusema ulevi ni sawa kwa kuwa zabibu ni tunda. Mmea kuwa wa Mungu ni jambo moja. Unachoufanyia ni jambo jingine. (Wenzetu Marasta wana imani yao na sababu zao, siwagusi hapa. Nazungumza na Mkatoliki anayeazima hoja yao Ijumaa jioni na kuirudisha Jumapili asubuhi.)

La tatu: "Mbona wazungu wameruhusu?" Uruguay walipitisha sheria mwaka 2013, Canada wakafuata mwaka 2018. Lakini bia imeruhusiwa miaka yote hapa kwetu, na kila mtaa una mtu iliyemmaliza. Ruhusa ya serikali haibadilishi kinachotokea kichwani. Kwa Tanzania isitoshe, sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kulima, kuuza, kumiliki na kutumia. Baba Mtakatifu Fransisko naye, mwezi Juni 2014, akizungumza mjini Roma na wakuu wa vyombo vya kupambana na dawa hizo, alizikataa za kila aina na kuonyesha mashaka yake hata juu ya kuhalalisha zile zinazoitwa nyepesi.

KINACHOTOKEA KICHWANI

Ubongo wako unajitengenezea kemikali yake ya utulivu. Wanasayansi waliigundua mwaka 1992 wakaipa jina anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Inafanya kazi kwa kushika sehemu maalumu kwenye chembe za ubongo zinazoitwa vipokezi, kama ufunguo kwenye kitasa. Inasaidia mambo ya kawaida kabisa: hamu ya kula, usingizi, kumbukumbu, kupooza hofu. Huja kidogo, hufanya kazi yake, huondoka.

Bangi ina kemikali inayoitwa THC. Nayo inaingia kwenye vitasa vile vile, ila kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Siku za mwanzo ndiyo stimu yenyewe: kicheko, muziki mtamu, njaa ya ghafla. Lakini ukiuletea ubongo mzigo huo kila siku, unajilinda. Unapunguza vipokezi. Ndiyo maana aliyekuwa akitosheka na msokoto mmoja wa kushirikiana watu watatu, leo anamaliza miwili peke yake na haoni tofauti. Na ndiyo maana asipovuta, mambo ya kawaida yanakosa ladha. Mpira haunogi, chakula hakina hamu, Misa inachosha, mchumba anaudhi. Dunia haijabadilika. Vipokezi ndivyo vimepungua, na ile furaha ndogo ya kawaida haina pa kushika.

Habari njema ni kwamba uchunguzi wa ubongo wa watu waliokuwa wakivuta kila siku umeonyesha vipokezi hivyo vikirudi karibu na kawaida baada ya wiki nne hivi za kuacha kabisa. Iweke hii akilini, tutairudia.

Umri una uzito wake. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na sehemu inayokomaa mwishoni ndiyo ile ya kupima mambo na kujizuia. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba katika kila watu kumi wanaojaribu bangi, mmoja hivi huishia kwenye utegemezi. Kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo, ni mmoja katika kila sita. Kwa hiyo ni kweli, wengi wa uliovuta nao shuleni waliacha bila shida. Hilo halisemi lolote kuhusu wewe.

DALILI ZENYEWE

Madaktari wana vigezo kumi na kimoja. Mtu akiwa na viwili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, na maisha yake yanaumia, tatizo lipo. Vikifika sita na kuendelea, ni kali. Sitaviorodhesha vyote. Kuna vichache vinavyotajwa sana na ni rahisi kuviona: kuvuta zaidi ya ulivyopanga, kuhitaji nyingi zaidi kupata stimu ile ile, arosto, kufeli majukumu ya kazi au masomo, kuvuta halafu ukapanda bodaboda na abiria nyuma.

Ninachotaka tukae nacho ni vile visivyoonekana haraka.

Angalia muda kwanza kuliko kiasi. Mtu anasema, "Mimi navuta mara moja tu kwa siku." Sawa, lakini siku hiyo inazunguka nini? Saa ngapi unaanza kuiwaza? Ukialikwa kwenye harusi ya binamu yako Morogoro, swali la kwanza ni nauli, au ni kule utaipata wapi? Ukisikia mkutano wa vijana utachelewa kuisha, unachowaza ni nini?

Kisha angalia ulichoacha. Uraibu hauchukui vitu kwa kelele. Ulikuwa unacheza mpira jioni, ukaacha. Ulikuwa unasoma somo la Misa, ukasema "wapeni na wengine." Ulikuwa na marafiki wa aina tatu nne, leo umebaki na wa aina moja, na ukiwaangalia vizuri wote wanavuta. Hakuna siku uliyoamua hivyo.

Kingine ni sheria unazojiwekea. Asiye na shida na bangi hana sheria za bangi. Mwenye shida anazo nyingi: wikiendi tu, baada ya kazi tu, sinunui mimi, sivuti peke yangu, nikimaliza hii kete basi. Hesabu sheria ulizojitungia mwaka huu, halafu hesabu zilizo hai.

Na hapa niseme kuhusu Kwaresima, maana wengi huitumia kama cheti. "Mimi si mraibu, kila Kwaresima naacha siku arobaini." Hongera, kweli ni sadaka. Lakini jiulize siku hizo zilikuwaje. Je, baada ya majuma yale magumu ya mwanzo ulianza kuonja uhuru, ukajisahau kabisa? Au ulikuwa unahesabu siku kama mfungwa, na usiku wa mkesha wa Pasaka, Aleluya haijapoa mdomoni, ukawa tayari umeshampigia mtu simu? Yule wa pili alikuwa ameahirisha tu. Pengine ni kwa huruma ya Mungu kwamba siku arobaini zinazidi zile wiki nne za ubongo kujirekebisha. Mwili unakuwa umeshafunguliwa mlango. Anarudi ndani mwenyewe, kwa mazoea na kwa ile hesabu ya "nimestahili."

Kama bado huna hakika, jipe siku thelathini bila hata pafu moja, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umeanza. Usianze na "nitapunguza". Ukigundua hutaki hata kumwambia huyo mtu mmoja, andika hiyo nayo kama dalili.

NI DHAMBI AU NI UGONJWA?

Vijana hugawanyika hapa. Wengine wanasema ni dhambi, atubu aache. Wengine wanasema ni ugonjwa, msimhukumu. Kanisa halichagui upande mmoja na kutupa mwingine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya kunaleta madhara makubwa kwa afya na uhai wa mtu, na kwamba ni kosa zito, isipokuwa zinapotumika kwa matibabu ya kweli. Hakuna mlango wa nyuma hapo, na "matibabu" maana yake ni daktari, si wewe na mshikaji wako. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine yanayomfunga mtu yanaweza kupunguza uzito wa hatia yake. Mvuta bangi wa kwanza, aliyekaa na wenzake akachagua, na mraibu wa miaka mitano ambaye mkono unakwenda kabla ya akili, hawako mahali pamoja. Tendo ni lile lile. Uhuru si ule ule.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hata katika mambo aliyoruhusiwa, hatakubali kitu chochote kimtawale (1 Kor 6:12). Kipimo chake kipo hapo: nani anamtawala nani. Na kwa Warumi (sura ya 7) anaeleza hali ya mtu anayejikuta akitenda lile analolichukia na kushindwa lile analolitaka. Mraibu yeyote akisoma sura ile anadhani imeandikwa na mtu wa maskani kwao.

Sasa kitubio. Vijana wawili wanaogopa kwenda. Mmoja anaogopa siri kutoka: "Paroko ananijua, kesho mama yangu wa jumuiya atajua." Haiwezekani. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile, na padre anayeivunja makusudi anapata adhabu nzito kuliko unavyofikiri. Mwingine anaogopa kitu kigumu zaidi: "Nikiungama leo, Ijumaa nitavuta tena. Si ni kumdanganya Mungu?" Hapana. Nia thabiti ya kuacha si utabiri kwamba hutaanguka. Ni kwamba, sasa hivi, hutaki kurudi, na uko tayari kuchukua hatua za kutorudi. Ukiungama huku kete iko mfukoni na hutaki kuitupa, hapo kweli kuna mazungumzo ya kufanya na padre. Lakini kuijua hofu yako si unafiki.

Yupo mtakatifu wa jambo hili, na sielewi kwa nini hatajwi zaidi kwenye semina zetu. Ni Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China, aliyezaliwa mwaka 1834. Alikuwa daktari, mtu wa heshima, aliyetibu maskini bure. Akaugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, tumbo likapona na afyuni ikabaki. Alikwenda kuungama tena na tena, mpaka padre muungamishi wake, kwa uelewa wa wakati ule kuhusu uraibu, akaona hana nia ya kuacha na akamzuia sakramenti. Alikaa miaka kama thelathini bila kukomunika. Miaka thelathini! Na hakuacha kwenda kanisani. Mwaka 1900, katika dhuluma ya Waboksa, alikamatwa pamoja na watu wa familia yake akauawa kwa kukataa kumkana Kristo. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa jamaa zake atakayekufa peke yake. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, pamoja na wafiadini wenzake. Hakuna anayesimulia kwamba aliwahi kuishinda afyuni. Kwa kijana anayesema "nitarudi kanisani nikishaacha", Marko alifanya kinyume chake.

TUNAFANYAJE?

Kwanza jua usichokwenda kutafuta. Wengi wamesikia habari za methadoni, ile dawa ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Ni kwa ajili ya waraibu wa heroini na jamii yake, haifanyi kazi kwa bangi. Kwa bangi bado hakuna dawa maalumu ya namna hiyo. Tiba yake kubwa ni maongezi ya kitaalamu, ushauri nasaha wa mara kwa mara na mtu aliyesomea, anayekusaidia kuona ni lini unavuta, unakimbia nini, na utafanya nini badala yake. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, ulizia hapo. Tuna tabia ya kutania kwamba fulani apelekwe Mirembe. Tuache utani huo, maana kuna mtu anausikia na ndio unaomzuia kwenda.

Kuna hali moja isiyosubiri. Ukiona wewe au mwenzako anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anaamini watu wanamfuatilia, anaongea mambo yasiyoshikana, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Bangi inaweza kuchochea ugonjwa wa akili, hasa kwa mwenye historia hiyo katika ukoo na kwa anayevuta iliyo kali. Nyumbani watasema karogwa, au ana mapepo, na wiki tatu zitapotelea kwenye mikesha. Salini, ndiyo. Mwiteni padre ampe Mpako wa Wagonjwa. Na gari liwe linaelekea hospitali.

Kwa anayeacha: futa namba ya muuzaji leo, si kesho. Badilisha njia ya kurudi nyumbani kama kijiwe kiko njiani. Waambie wa nyumbani kwamba utakuwa na hasira kwa wiki mbili, wasidhani umewachukia. Punguza chai na kahawa jioni, chosha mwili mchana, na ukiamka saa tisa usiku na ndoto za ajabu, jua ni arosto inayotoka. Si ishara wala jini. Shika rozari kama una nguvu. Kama huna, ishike tu mkononi bila kusali. Ukianguka siku ya kumi na moja, siku kumi hazijafutika. Rudi kitubioni Jumamosi hiyo hiyo, na rudi kwa mshauri wako umweleze ilikuwa saa ngapi na ulikuwa na nani.

Na kwa wewe ambaye ni rafiki, dada, au kiongozi wa vijana. Usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la maombi. Usimpe hela taslimu, mnunulie anachohitaji. Usimvizie akiwa na stimu umhubirie, hatakumbuka. Msubiri akiwa mzima, mkiwa wawili, na mwambie ulichokiona kwa macho yako: "Wiki tatu hujaja mazoezi. Nina wasiwasi na wewe." Halafu nyamaza, umwache aongee. Akikubali kwenda kliniki, usimwelekeze njia. Mwambie, "Nakupitia saa moja na nusu asubuhi," upitie kweli, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.